Tingatinga Alichora Miaka Minne Tu na Rangi ya Baiskeli, Wewe Msee wa Kisumu Unangoja Nini?

Omera, kama uko Kisumu na unataka kuchora picha ya kindoto, zile za Salvador Dalí na saa zinazoyeyuka, si lazima uangalie Ulaya. Hapa Afrika Mashariki tulikuwa na Edward Saidi Tingatinga.

Jamaa alizaliwa 1932 Tunduru, kusini mwa Tanzania, familia ya wakulima. Miaka ya 50 akatoka kusaka unga: kwanza mashamba ya mkonge kule Tanga, halafu Dar es Salaam, akawa mtunza bustani kwa Mzungu. Chuo cha sanaa hakuwahi kukanyaga.

1968, akiwa na miaka 36, akaanza kuchora. Vifaa vya wasanii ni bei, so akachukua vipande vya hadibodi, kama sentimita 60 kila upande, na rangi ya kupaka baiskeli. Mnyama mmoja tu anajaza ubao mzima, macho makubwa yanakukodolea. Hakuna kivuli, hakuna umbali. Alichora mnyama vile anakaa kichwani, si vile anakaa mbugani.

Picha zikaanza kutoka nje ya Morogoro Stores, Oyster Bay, hasa kwa wageni. Oda zikaongezeka, akaita ndugu na marafiki akawafunza.

Halafu noma. 1972, polisi wa Dar wakampiga risasi wakidhani ni mwizi anatoroka. Hakuwa mwizi. Alikuwa na miaka 40 hivi, na miaka minne tu ya kuchora. Lakini wale aliowafunza hawakuweka brashi chini, na leo jina lake ndilo jina la stail nzima.

Sasa wewe, usikopi chui wake. Chukua ile akili yake, ulete ziwa. Nenda Dunga, angalia, kisha funga macho: mbuta amemeza boda ya baiskeli mzimamzima, taa ndio jicho lake, na gugumaji limemshonea koti. Paka ubao rangi moja kwanza, iache ikauke kabisa, ndio umwekee mnyama. Madoadoa yaje mwisho. Ukiharakisha, rangi ya mafuta itachanganyika ikuharibie kazi.

Rangi iko hadware, na vipande vya mbao mafundi hutupa kila siku. Ungeanza na mnyama gani wa ziwa?