Lord Kelvin: Mtu aliyeonyesha kuwa baridi ni biashara ya kuhamisha joto

Na Mwandishi Wetu, Bujumbura

Mfanyabiashara anayehifadhi mukeke kwenye friza mjini Bujumbura hulipa kila siku: bili ya umeme, na umeme ukikatika, dizeli ya jenereta. Wengi hudhani wananunua baridi. Kimsingi wanalipia usafiri wa joto, kutoka ndani kwenda nje. Miongoni mwa waliolipigia hesabu jambo hilo mapema ni William Thomson, maarufu kama Lord Kelvin.

Alizaliwa Belfast Juni 26, 1824. Mama yake alifariki yeye akiwa na miaka 6, na baadaye baba yake, mwalimu wa hesabu, akahamia Glasgow, Scotland, pamoja na watoto wake. Mwaka 1846, akiwa na miaka 22 tu, aliteuliwa kuwa profesa wa Chuo Kikuu cha Glasgow, kazi aliyoifanya kwa miaka 53.

Mwaka 1852 alieleza mashine ya kupasha joto au kupoza majengo. Hoja yake ilikuwa ya kiuchumi: makaa yakiendesha injini ya kuhamisha joto la nje kuliingiza ndani, joto linalopatikana ni jingi kuliko la kuyachoma makaa hayo jikoni. Mashine ikigeuzwa, inapoza nyumba za nchi za joto.

Yeye hakuiuza. Peter von Rittinger aliunda mashine ya namna hiyo miaka michache baadaye kwenye kiwanda cha chumvi nchini Austria, na mwaka 1912 Heinrich Zoelly wa Uswisi alipata hataza ya kutumia joto la ardhini.

Kelvin alichambua pia vipimo vya joto la udongo vilivyochukuliwa Edinburgh. Kadiri unavyokwenda chini, tofauti ya majira hupungua. Ndiyo siri ya mfumo huu.

Umaarufu wake, hata hivyo, ulitokana na telegrafu. Waya wa Atlantiki wa mwaka 1858 ulikufa ndani ya wiki chache. Ule wa 1866, ambao alishiriki kuutandaza, ulidumu, na bei za masoko zikavuka bahari kwa dakika badala ya siku. Alikosea pia: aliikadiria dunia kuwa na umri mdogo mno kuliko ilivyo.

Kwa Bujumbura hesabu ikoje? Tuchukue hewa ya mchana nyuzi 30 na ardhi nyuzi 25. Ofisi inayopozwa hadi nyuzi 20, joto lake likitupwa ardhini, tofauti inashuka kutoka nyuzi 10 hadi 5. Kwa nadharia, umeme nusu. Lakini chumba cha samaki cha nyuzi 18 chini ya sifuri kinaokoa takribani asilimia 10 tu.

Aidha, Ulaya joto linalozikwa kiangazi huchimbuliwa majira ya baridi. Hapa hakuna majira ya baridi, hivyo udongo unaweza kupata moto mwaka hadi mwaka. Maji yanayotembea, ya kisima au ya Ziwa Tanganyika, hulichukua joto hilo.

Kelvin alifariki Desemba 17, 1907, akazikwa Westminster karibu na Newton. Kabla ya kulipia uchimbaji, piga hesabu yake: joto linatoka wapi, na linatupwa wapi.