Nuwa Mbaguta, Enganzi wa Ankole

Watu wakuu wa zamani tunaowasoma darasani mara nyingi ni wa nchi za mbali, kama vile Mirambo wa Unyamwezi au Tippu Tip wa Unguja. Safari hii twataka kueleza habari za mtu wa hapa petu. Jina lake bado latajwa mjini Mbarara, lakini wengi katika wenzetu wanaotoka Nakivale, ambao wazazi wao ni wa Kongo, Rwanda, Burundi au Somalia, hawajapata kusikia jinsi alivyoinuka. Mtu huyo ni Nuwa Mbaguta, aliyekuwa waziri mkuu wa Ankole kwa muda wa karibu miaka 40.

Ili kumfahamu Mbaguta, yatupasa kwanza kujua ya kuwa zamani hakukuwa na Ankole kubwa kama ile iliyochorwa katika ramani za Waingereza. Palikuwa na Nkore, ufalme wa ukoo wa Bahinda. Nchi hiyo ilianzia Isingiro, yaani huko huko kwenye ziwa Nakivale, ikapanuka kidogo kidogo mpaka Nyabushozi, Kashari, Rwampara na Shema. Upande wa magharibi palikuwa na Buhweju na Igara, kila moja ikiwa na mtawala wake, naye hakumwamkia mtu wa Nkore kama bwana. Kaskazini ilikaa Bunyoro ya Kabarega, kusini Karagwe, na kusini magharibi Rwanda. Kati ya Nkore na Rwanda palikuwapo zamani ufalme mwingine mkubwa ulioitwa Mpororo, wa ukoo wa Bashambo. Mfalme wake, Kahaya Rutindangyezi, alipofariki, nchi ile ikavunjika vipande vipande. Vingine vikabaki na watawala wadogo, na vingine, kama Shema, vikamezwa na Nkore.

Basi Mbaguta alikuwa mtu wa Bashambo, ukoo wa ule ufalme uliovunjika. Alizaliwa katika miaka ya 1860, na alipokuwa kijana aliingia kutumika katika boma la Ntare wa Tano, Mugabe wa Nkore. Jambo hili lisitushangaze. Maboma ya wafalme wa zamani yalijaa vijana wa koo nyingine na nchi nyingine. Mfalme alipendelea sana watu wa namna hiyo, kwa sababu ndugu zake mwenyewe waliweza kuidai Bagyendanwa, ngoma ya ufalme, lakini kijana wa Kishambo hakuweza kuidai kamwe. Cheo chake chote kilitoka mkononi mwa bwana wake. Neno Enganzi, ambalo baadaye likawa jina la cheo cha waziri mkuu, asili yake ni kipenzi cha mfalme.

Ntare hakupata bahati ya kutawala kwa raha. Mwaka 1889 Stanley alipita katika nchi yake pamoja na Emin Pasha na msafara mkubwa wenye bunduki. Ntare hakutaka kuonana naye uso kwa uso. Alimtuma Buchunku, mtoto wa kifalme, akachanjiane damu na mgeni badala yake. Mwaka 1891 akapita Lugard. Wakati huo huo sotoka ikaingia, ikaua ng'ombe wasiohesabika. Msomaji ambaye hakulelewa na wafugaji huenda asione uzito wa jambo hili. Kwa Wahima ng'ombe alikuwa chakula, mahari, shairi na heshima ya mtu; boma lisilo na ng'ombe lilikuwa kama nyumba isiyo na paa. Baada ya sotoka ikaja ndui, ikachukua watu. Kisha mwaka 1894 hivi, Rwabugiri wa Rwanda, aliyekuwa hodari wa vita kuliko wafalme wote wa upande ule, akaleta majeshi yake mpaka ndani ya Nkore.

Hapo ndipo Mbaguta atokezapo katika habari zilizoandikwa. Tarehe 29 Agosti 1894 Meja Cunningham alifika kufanya mkataba kwa niaba ya Uingereza. Waingereza walikuwa na hofu kwamba bunduki zingepenya kutoka upande wa Wadachi, nao walitaka Nkore iwe ndani ya himaya yao. Ntare alikataa tena kuonana na Mzungu, akamtuma Mbaguta. Ndivyo ilivyotokea kwamba karatasi ya kwanza ya kuitia Nkore chini ya ulinzi wa Kiingereza haikuwekwa alama na Mhinda hata mmoja, ila na kijana wa Mpororo. Waandishi wakaliandika jina lake Magota.

Mwaka uliofuata Ntare akafa, wala hakuacha mrithi asiyebishaniwa. Wakuu wakagawanyika. Mwishowe kijana Kahaya akawekwa kuwa Mugabe, lakini alikuwa mdogo, na nguvu zilikuwa mikononi mwa wakubwa waliomzunguka, hasa Igumira, Mhinda mwenye watu wengi. Mwaka 1896 serikali ya Uganda ikatangaza kwamba Ankole imo katika himaya. Mwishoni mwa 1898 akaja Bwana Macallister, akajenga boma la serikali mahali palipoota majani yaitwayo emburara. Ndilo jina lililogeuka kuwa Mbarara. Mbaguta alikwenda upesi kwa Mzungu, akawa mshauri wake. Igumira hakupatana na serikali, wala hakupatana na Mbaguta, na baada ya muda akahamishwa nje ya nchi. Twaweza kusema kwamba Mbaguta alishinda shindano lile bila kuinua mkuki.

Sasa twafika mahali pagumu. Waingereza hawakutaka kutawala kwa kupitia watawala wadogo wengi. Walitaka ufalme mmoja, mwenye kiti mmoja, na waziri mmoja wa kuzungumza naye. Kwa hiyo waliamua kwamba Buhweju, Igara na nchi nyingine jirani ziwe chini ya Mugabe wa Nkore, na nchi yote ikaitwa Ankole. Mtawala wa Buhweju, Ndagara, alikataa. Askari wakapelekwa, naye akauawa katika mapigano pamoja na watu wake. Musinga wa Igara aliitwa aende Mbarara. Kwenda kuinama mbele ya jirani yake aliona ni aibu kuliko kifo, akajiua. Mambo haya yalitokea mwaka 1901, na mwaka huo huo Mkataba wa Ankole ukatiwa sahihi. Kahaya akatambuliwa kuwa mtawala wa nchi kubwa kuliko ile iliyowahi kutawaliwa na Ntare, na Mbaguta akatambuliwa kuwa Enganzi.

Wako wanaomtetea Mbaguta kwa kusema kwamba alikuwa mtu wa kuona mbali. Aliona kwamba Kabarega alipigana na Waingereza miaka mingi, akakamatwa mwaka 1899 na kupelekwa Shelisheli, na nchi yake ikakatwa. Nkore haikuwa na ng'ombe, haikuwa na bunduki, na adui alikuwa mlangoni. Maneno hayo yana haki kwa upande wa mwaka 1894. Lakini kwa upande wa mwaka 1901 hayatoshi. Ndagara na Musinga hawakuwa wameishambulia Nkore. Walichukuliwa na jirani aliyeshindwa kuwachukua kwa nguvu zake mwenyewe, mpaka alipoazimwa nguvu na mgeni. Na Mbaguta, ambaye ukoo wake ulijua vizuri maumivu ya ufalme uliomezwa, alikuwa upande wa mmezaji. Sisi hatusemi kwamba angeweza kuyazuia. Amri ilikuwa ya Waingereza. Lakini hapana habari kwamba alijaribu.

Desemba 1902 Kahaya na Mbaguta walibatizwa. Mugabe akaitwa Edward Solomon, na waziri wake Nuwa, yaani Nuhu. Wakuu wengi wakafuata. Tangu hapo dini na kusoma vikaenda pamoja, na mwaka 1911 wamisioni wa Church Missionary Society wakaanzisha Mbarara High School, ambamo watoto wa machifu walifundishwa. Mtoto wa mkulima, yaani Mwiru, alipata nafasi kwa shida katika miaka ile ya mwanzo. Jambo hilo lilizaa manung'uniko yaliyolipuka miaka mingi baadaye, lakini hiyo ni habari nyingine.

Si vema kupita bila kutaja mauaji ya Ibanda. Tarehe 19 Mei 1905 Bwana Galt, mkubwa wa serikali katika jimbo la magharibi, alipumzika Ibanda akiwa safarini kwenda Mbarara. Mtu mmoja akamjia jioni, akamchoma mkuki, akafa. Rundo la mawe lililojengwa kwa ukumbusho wake liko Ibanda hata leo. Sababu ya kuuawa kwake imebishaniwa tangu siku ile. Wengine walinong'ona kwamba wakuu wa Kihinda walitaka kumharibia Mbaguta mbele ya Wazungu. Wengine wakasema kinyume chake. Jambo lililo wazi ni kwamba serikali iliiadhibu nchi nzima. Mkataba ulisimamishwa, ukarudishwa mwaka 1912. Na aliyebaki katika kiti chake wakati wote huo ni Mbaguta.

Kwa hakika, kadiri miaka ilivyopita, watu walianza kuuliza ni nani mwenye nchi. Mugabe alikaa katika kilima cha Kamukuzi na heshima zote za ngoma, lakini kodi, barabara na kuteuliwa kwa machifu vilipita katika mikono ya Enganzi na ya Bwana Diisii. Kahaya na waziri wake hawakupendana siku zote. Hata Baganda walioletwa kuwa machifu katika sehemu kadhaa walijua ni mlango upi wa kubisha hodi kwanza.

Mbaguta alistaafu mwaka 1938, na Lazaro Kamugungunu akashika nafasi yake. Huyu ndiye aliyeandika baadaye, pamoja na A. G. Katate, kile kitabu cha Abagabe b'Ankole kilichotoka mwaka 1955. Kahaya alifariki mwaka 1944, akafuatwa na Gasyonga wa Pili.

Wakati wa Gasyonga jambo moja lilitokea ambalo Ntare asingeliweza kulidhani. Watu wa Rwanda, wajukuu wa wale waliotumwa na Rwabugiri kuja na mikuki, walivuka mpaka baada ya machafuko ya mwaka 1959, wengine wakiswaga ng'ombe wao, wakiomba mahali pa kukaa. Wakapewa nafasi Isingiro, kando ya ziwa Nakivale, katika nchi ya kale ya Bahinda. Mwaka 1960 makazi hayo yakatangazwa rasmi, na tangu hapo wageni wa mataifa mengine wameongezeka, hata leo Kiswahili chasikika Nakivale kuliko Kinyankore.

Ufalme wenyewe ulifutwa mwaka 1967 pamoja na falme nyingine za Uganda. Mwaka 1993 Buganda, Toro na Bunyoro zilirudishiwa wafalme wao. Ankole haikurudishiwa, na moja ya hoja zilizotolewa ni kwamba watu wenyewe hawakukubaliana kwamba ngoma ile ilikuwa ya wote. Buhweju, ambayo iliingizwa kwa risasi mwaka 1901, ilipewa wilaya yake yenyewe mwaka 2010.