Clements Kadalie, Karani Aliyewasimamisha Makuli

Wilaya yetu ya Ileje imetengwa na nchi ya Malawi kwa mto Songwe tu. Hapo zamani vijana wa ng'ambo zote mbili walishika njia kwenda kusini kutafuta kazi, wengine Rhodesia, wengine Afrika ya Kusini. Mmoja wao aliyetoka upande wa Malawi ni Clements Kadalie, ambaye habari zake yafaa kila mwanafunzi azijue.

Alizaliwa mnamo mwaka 1896 karibu na Bandawe, kando ya Ziwa Nyasa, katika kabila la Watonga. Alisoma katika misheni ya Livingstonia akawa mwalimu. Mwaka 1915 aliondoka kwao akafanya kazi ya ukarani Rhodesia ya Kusini, na mwaka 1918 akafika Cape Town. Husimuliwa kwamba huko polisi alimsukuma njiani bila kosa, na Mzungu mmoja, Bwana Batty, akaja kumsaidia. Urafiki wao ndio uliozaa chama cha wafanya kazi kiitwacho I.C.U., kilichoanza Januari 1919 na wanachama 24. Herufi hizo tatu zikitamkwa kwa Kiingereza ni kama kumwambia mtu kwamba unamwona, na wafanya kazi walifurahi sana kuwatamkia mabwana zao.

Desemba mwaka ule ule makuli wa bandari ya Cape Town waligoma. Bei ya chakula ilikuwa imepanda, huku chakula chenyewe kikipakiwa melini kwenda nchi za nje. Serikali ikaona dawa ni kumfukuza Kadalie, kwa kuwa ni mgeni. Amri ilitolewa mwaka 1920, lakini baadaye ikafutwa.

Jambo la ajabu ni kwamba mtu huyu hakuzijua vema lugha za wenyeji. Alihutubu kwa Kiingereza, mkalimani akafasiri, na hata hivyo watu walimiminika. Kufikia mwaka 1927 chama kilidai kuwa na wanachama 100,000. Mwaka huo huo alikwenda Geneva na Uingereza kueleza shida za Waafrika.

Lakini wanachama wengi walikuwa watu wa mashambani, waliotumaini kurudishiwa ardhi yao. Walilipa michango, wakatunza kadi zao. Wengine walifukuzwa mashambani na makaburu kwa sababu ya kadi hizo, na chama hakikuwa na uwezo wa kuwasaidia. Kwa maoni yangu hilo ndilo kosa lake kubwa: aliahidi kuliko nguvu zake. Tena hesabu za fedha zilivurugika, viongozi wakagombana, na mwaka 1928 tawi la Natal likajitenga. Mwaka 1929 Kadalie akajiuzulu.

Hata hivyo hakukaa kimya. Alihamia East London, na Januari 1930 akaongoza mgomo mwingine, akakamatwa. Aliishi katika mji huo mpaka alipofariki mwaka 1951. Kitabu alichoandika mwenyewe juu ya maisha yake kilipigwa chapa mwaka 1970.