Ella Sheppard, Mwimbaji wa Yubile

Katika mwaka huu wa yubile yetu yafaa tukumbuke habari za mwanamke ambaye kwaya yake ilichukua jina hilo la yubile, na kwa nyimbo zake shule ya maskini ikasimama.

Ella Sheppard alizaliwa mwaka 1851 katika mji wa Nashville, jimbo la Tennessee, nchi ya Marekani. Baba yake, Simon, alikuwa mtumwa aliyejikomboa kwa fedha ya jasho lake. Mama yake, Sarah, alikuwa bado mali ya watu. Siku moja Sarah aligundua kwamba bibi mwenye nyumba anamfundisha mtoto kumpeleleza mamaye. Akaona heri kufa. Akamchukua Ella, akashika njia ya mtoni ili wazame wote wawili. Lakini mwanamke mzee, mtumwa kama yeye, akamzuia, akarudi. Baadaye Simon akamnunua binti yake kwa dola 350. Fikirini, baba kumnunua mtoto aliyemzaa mwenyewe! Alipotaka kumnunua na Sarah, wenyewe wakakataa, na Sarah akapelekwa mbali, hata Mississippi.

Simon akahamia Cincinnati pamoja na Ella, na mwaka 1866 akafa kwa kipindupindu. Ella alipenda sana muziki. Akapata mwalimu Mzungu aliyekubali kumfundisha, ila kwa siri: aje usiku, tena apite mlango wa nyuma. Ella akavumilia, akajifunza. Kisha akafundisha shule katika mji wa Gallatin, na mwaka 1868 akaenda kusoma katika shule ya Fisk, Nashville, akiwa na dola 6 tu. Akaosha vyombo, akawafundisha wengine muziki, ili apate chakula chake.

Shule hiyo ilianzishwa mwaka 1866 kwa ajili ya watu waliotoka utumwani. Majengo yake yalikuwa mabanda ya askari, nayo yalikwisha kuoza. Wanafunzi walikusanya minyororo na pingu zilizobaki mahali pa kuuzia watumwa, zikauzwa kama vyuma vikuukuu, na kwa fedha hizo vikanunuliwa vitabu vya kusomea na Biblia. Hata hivyo deni lilizidi, na ilionekana ya kuwa shule itafungwa.

Basi mtunza fedha, George White, akachagua waimbaji 9. Ella, mwenye miaka 20, akawa mpiga kinanda na msaidizi wake katika kuwafundisha. Wakaondoka tarehe 6 Oktoba 1871. Siku zile moto mkubwa ulikuwa umeunguza mji wa Chicago. Vijana hawa, ambao hawakuwa na nguo za baridi wala nauli ya kutosha, wakawatolea walioungua mapato yao ya kwanza, yasiyofika dola 50. Mara nyingi walifukuzwa katika nyumba za wageni kwa sababu ya rangi yao. Katika mji wa Columbus, White akawapa jina la Jubilee Singers, kwa kuukumbuka mwaka wa yubile wa Mambo ya Walawi, ambao ndani yake watumwa waliachiliwa huru.

Hapo kwanza hawakuimba nyimbo za wazee wao mbele ya watu. Nyimbo hizo walifundishana faraghani, kwa sauti ya chini, maana zilikuwa takatifu kwa wazazi wao, tena ziliwakumbusha aibu ya utumwa. Lakini walipoanza kuziimba, wasikilizaji wakatoa machozi. Na baada ya miezi mingi waimbaji wenyewe wakatambua uzuri wa urithi wao. Ella akasaidia kuzikusanya, zikapigwa chapa mwaka 1872, hata zisipotee.

Mwaka 1873 wakavuka bahari hata Uingereza, wakaimba mbele ya Malkia Victoria. Sisi wa pwani hii twaujua mwaka huo, maana ndio soko la watumwa la Unguja lilipofungwa. Kwa safari zao zote walipata kama dola 150,000. Nyumba kubwa ya Jubilee Hall ikawekwa wakfu tarehe 1 Januari 1876, nayo ingali imesimama.

Baada ya vita vya kukomesha utumwa, Ella alikuwa amempata mama yake. Akamfanyia makao Nashville, yule aliyetaka kuzama naye mtoni. Mwaka 1882 aliolewa na mchungaji George Moore. Alifariki mwaka 1914.

Walimu wenzangu, wazee wa vijiji vyetu wanazo nyimbo ambazo vijana wanaziona haya. Tusingoje wageni watuambie ni nzuri. Tukae chini ya wazee hao tuzisikilize, tuziandike, na watoto waziimbe, kabla hazijazikwa pamoja na wenyewe.