Bombardier: Fundi Aliyeazima Injini Akajijengea Jina

Kila mwaka nifundishapo mada ya uundaji wa maneno, huwaomba wanafunzi wangu wanitajie majina ya bidhaa ambayo yamegeuka kuwa nomino za kawaida katika mazungumzo yetu. Hawakawii. Huyu hutaja Omo, kwa kuwa kwao sabuni yoyote ya unga ni Omo. Yule hutaja Kolgeti, kwa kuwa dawa ya meno ya kampuni yoyote ile huitwa hivyo hivyo. Muhula mmoja mwanafunzi aliyekuwa ameketi nyuma kabisa alinitega. Alitaka kujua kama mtu anayeomba Omo dukani, kisha akatoka na sabuni ya kampuni nyingine bila kunung'unika, ni mwaminifu kwa jina hilo au amelisaliti. Mwenzake akachochea moto zaidi: je, ikiwa viwanda viwili vinavyoshindana vinanunua vipuri mahali pamoja, mnunuzi anayeapa kwa jina la kimojawapo anaapia nini hasa?

Siku hiyo sikuwa na jibu la kuridhisha. Nililipata baadaye mahali ambapo sikutarajia, yaani katika maisha ya fundi mmoja wa Kanada aliyeishi katika nchi ya theluji. Fundi huyo ni hayati Joseph-Armand Bombardier.

Bombardier alizaliwa tarehe 16 Aprili 1907 karibu na kijiji cha Valcourt, katika jimbo la Quebec ambako watu husema Kifaransa. Alikuwa kifungua mimba katika familia ya watoto wanane. Baba yake alitamani awe padri, akampeleka seminari. Kijana mwenyewe, hata hivyo, moyo wake ulikuwa katika vyuma. Alitengeneza saa mbovu za majirani na kuunda vitu vya kuchezea vilivyokwenda vyenyewe. Mwaka 1922, akiwa na umri wa miaka 15, alichukua injini ya gari kuukuu la Ford, akaifunga juu ya kigari cha kutelezea thelujini, na nyuma yake akaweka pangaboi kama la ndege. Yeye na nduguye wakakiendesha kijijini huku watu wakishangaa. Baba yao aliliona pangaboi lile likizunguka bila kinga, akaamuru chombo kivunjwe mara moja.

Naomba msomaji aizingatie injini hiyo ya Ford, kwa maana ndiyo mwanzo wa hoja yangu. Tangu siku ya kwanza, Bombardier alikuwa mtu wa kuazima.

Hatimaye baba alikubali kushindwa. Mwaka 1926 kijana huyo wa miaka 19 alifungua gereji yake Valcourt. Wakati wa kiangazi kazi ilikuwa tele. Majira ya baridi yalipoingia, barabara za mashambani zilifunikwa na theluji ambayo hakuna aliyeiondoa, na wenye magari wakayaegesha hadi theluji iyeyuke. Watu walirudia farasi na vigari vya kuburura. Mgonjwa aliyehitaji daktari wa mjini alimtegemea Mungu na miguu ya farasi.

Katika majira ya baridi ya mwaka 1934 balaa hilo lilibisha hodi nyumbani kwa Bombardier mwenyewe. Mwanawe Yvon, mtoto wa miaka miwili, alishikwa na ugonjwa wa kidole tumbo. Alihitaji kupasuliwa hospitalini, lakini njia zilikuwa zimezibwa na theluji. Mtoto akafariki. Bombardier alikuwa ameanza majaribio yake miaka mingi kabla ya msiba huo, kwa hiyo si kweli kwamba ndio uliomfanya mvumbuzi. Lakini ni dhahiri kwamba tangu hapo swali la kuvuka theluji halikuwa tena mchezo wa kijana anayependa injini.

Tatizo lenyewe lilikuwa hili. Gurudumu la kawaida huzama katika theluji laini kama mguu unavyozama katika tope. Bombardier alitafuta namna ya kuutandaza uzito wa gari. Mbele aliweka mbao za kutelezea, na nyuma akaweka mkanda mpana unaozunguka kama wa katapila. Mkanda huo ulivutwa na gurudumu lenye meno ambalo alilifunika kwa mpira, ili theluji na barafu visigande juu yake. Mwaka 1937 alipewa hataza, yaani hati ya serikali ya kulinda uvumbuzi wake. Gari lake la kwanza la biashara lilibeba watu saba, likaitwa B7. Lililofuata lilibeba watu 12, likaitwa B12. Mwaka 1942 aliandikisha kampuni yake rasmi. Magari hayo yakawabeba madaktari, barua, maiti na wanafunzi waliokwenda shule.

Injini za magari hayo zilitoka wapi? Zilitoka katika viwanda vikubwa vya Marekani, kama vile Ford na Chrysler. Injini iliyokuwa ndani ya B12 haikuwa na siri yoyote. Fundi yeyote wa magari aliweza kuitengeneza. Sijasoma popote kwamba mkulima wa Quebec aliliita gari hilo Chrysler kwa sababu hiyo. Aliliita Bombardier. Jina la fundi wa Valcourt likawa jina la kitu chenyewe.

Hapa ndipo mwanaisimu ndani yangu alipozinduka. Kiswahili nacho ni lugha ya kuazima. Neno kitabu lilitoka katika Kiarabu, ambako halina uhusiano wowote na ngeli zetu. Lilipofika kwetu, sauti yake ya mwanzo ikachukuliwa kuwa kiambishi cha ngeli, tukapata kitabu kimoja na vitabu viwili. Tuliazima injini, lakini mkanda ulioivuta ulikuwa wetu. Hakuna mtu mwenye akili timamu anayesema kuwa Kiswahili si Kiswahili kwa sababu ya neno hilo. Utambulisho wa lugha haukai katika kila kipande chake. Unakaa katika mfumo unaoviunganisha vipande hivyo.

Turejee kwa fundi wetu. Mwaka 1948 serikali ya Quebec ilipitisha sheria ya kuziondolea theluji barabara za mashambani. Kwa wananchi ilikuwa neema. Kwa Bombardier ilikuwa pigo, maana soko lake lilianza kuyeyuka. Hakulalamika sana. Aligeukia matrekta ya kupita kwenye vinamasi na misituni, akajinusuru. Wakati huo huo hakuiacha ndoto yake ya ujanani ya chombo chepesi cha kumbeba mtu mmoja au wawili. Mwaka 1959 akaikamilisha. Mkanda wake sasa ulikuwa wa mpira, mpana, ulioumbwa kipande kimoja, na injini ndogo aliinunua kwa kampuni ya Kohler ya Marekani. Miongoni mwa watu wa kwanza kukijaribu chombo hicho ni mmisionari mmoja rafiki yake, kaskazini mwa jimbo la Ontario.

Alikusudia kukiita Ski-Dog, kwa kuwa kingechukua nafasi ya mbwa wanaovuta vigari vya thelujini. Husimuliwa kwamba kosa la matbaa liliigeuza herufi ya mwisho, likatokea jina Ski-Doo, naye akalipenda akaliacha. Katika msimu wa kwanza viliuzwa vyombo 225. Miaka michache baadaye vilikuwa vikiuzwa kwa maelfu, na katika sehemu nyingi za kaskazini mwa Kanada watu wakaanza kuiita skidoo kila pikipiki ya theluji, awe ameiunda nani. Kumbe Omo ana ndugu yake huko kwenye barafu!

Bombardier hakuyaona mavuno yote. Alifariki kwa saratani tarehe 18 Februari 1964, akiwa na umri wa miaka 56.

Baada ya kifo chake biashara hiyo ilifurika watu. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1970 kulikuwa na watengenezaji zaidi ya 100. Wengi walinunua injini, mikanda na springi kwa wauzaji wale wale, wakaviunganisha na kubandika jina lao ubavuni. Mahasimu wawili wakubwa wa Ski-Doo, Polaris na Arctic Cat, walitoka katika jimbo moja la Minnesota, na aliyeanzisha Arctic Cat, Edgar Hetteen, ni mmoja wa waasisi wa Polaris. Kwa miaka mingi Polaris ilitumia injini za Fuji, na Arctic Cat ikatumia za Suzuki, zote kutoka Japani. Ski-Doo nayo ilitumia injini za Rotax kutoka Austria, hadi kampuni ya Bombardier ilipoinunua Rotax mwaka 1970.

Pamoja na hayo yote, waendeshaji hawakuacha kubishana. Familia moja ilikuwa ya manjano ya Ski-Doo, jirani yake ya kijani cha Arctic Cat, kama tulivyo sisi na timu zetu za kandanda. Uaminifu haukuvunjwa na injini ya kununua. Wengi wa watengenezaji wale 100 ndio waliotoweka, hasa theluji ilipopungua, mafuta yakapanda bei na uchumi ukayumba. Hao walikuwa na jina tu. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Kisa cha karibuni kinatufunza zaidi. Mwaka 2013 Yamaha na Arctic Cat zilitangaza ushirikiano. Arctic Cat ingeunda pikipiki zenye injini ya Yamaha, na baadhi yake zingeuzwa kwa jina la Yamaha. Wapenzi wa pande zote mbili walijikuta wakitazama mashine zinazofanana kama pacha waliovaa nguo tofauti. Mwaka 2023 Yamaha, iliyokuwa katika biashara hiyo tangu 1968, ilitangaza kwamba ingejitoa, na modeli zake za mwisho zikawa za mwaka 2025. Sidai kwamba ushirikiano huo ndio uliosababisha kuondoka. Soko lenyewe ni dogo na gharama ni kubwa. Hata hivyo naona wazi kwamba pale ambapo tofauti iliyobaki ni rangi na nembo, mnunuzi hana budi kujiuliza uaminifu wake ni kwa nani.

Basi hili ndilo jibu ninalowapelekea wanafunzi wangu. Kuazima si aibu wala si usaliti. Bombardier aliazima kutoka kwa Ford, Chrysler na Kohler, na jina lake likadumu, kwa sababu kila alichoazima alikitia katika kitu ambacho hakuna mwingine aliyekuwa nacho. Aidha, kitu hicho kilijibu haja ya kweli ya majirani zake, haja aliyoijua kwa uchungu wa mzazi aliyezika mtoto. Watu hawakuwa waaminifu kwa vyuma. Walikuwa waaminifu kwa mtu aliyewavusha.

Kwenu walimu wenzangu, nasema tuutumie mfano huu tunaposahihisha insha. Mwanafunzi anayenukuu wataalamu 10 na kuwaunganisha kwa hoja yake mwenyewe ameunda gari. Anayebandika jina lake juu ya kazi ya wengine amebandika nembo tu, na theluji ikizidi atazama. Nanyi wanafunzi, msione haya kuazima. Jiulizeni tu, kabla ya kutia sahihi: mkanda wangu mimi ni upi?