Mwenda Jean Bosco: gita moja, vidole viwili

Ukisikia gita kavu jioni, mtu anapiga peke yake bila umeme, ujue ile namna ina wazee wake. Mmoja wao ni Mwenda Jean Bosco wa Katanga, mwenye kujiita pia Mwenda wa Bayeke.

Alizaliwa mwaka 1930. Kwao ni Bunkeya, mji wa Mwami M'siri, ambaye watu wake Bayeke walitoka upande wa Unyamwezi, Tanzania ya leo. Lakini jina lake lilitokea Jadotville, leo Likasi, mji wa shaba. Union Minière ilikuwa imekusanya kule wafanyakazi wa makabila mingi, na Kiswahili ndiyo kilikuwa luga ya kusikilizana. Bosco akaimba katika kile Kiswahili cha kambi. Mwaka 1952 Hugh Tracey, mzungu aliyekuwa anazunguka Afrika na mashini ya kurekodi, alimkuta Jadotville. Wimbo Masanga ukaingia kwenye diski, ukatembea mbali kuliko mwenyewe.

Sasa, wengi wakisikia Masanga mara ya kwanza wanasema: huyu anarudilia tu kitu kile kile. Ni kweli, tena si kweli. Gumba linapiga nyuzi nene, linashika njia. Kidole cha shahada kinapiga nyuzi nyembamba, kinacheza juu ya ile njia. Maneno ya gita ni mafupi, yanazunguka na kurudi nyumbani. Lakini katika kila mzunguko kitu kidogo kinabadilika: sauti moja inachelewa, ingine inaongezwa, pengine anaacha nafasi wazi. Kile kipya anakichukua tena, anakigeuza. Ni sawa vile mchimbaji anaingia kila asubui katika shimo lile lile: miti ya kushikilia udongo iko pale pale, lakini mbele pamesogea. Na akianza kuimba, gita haisimami kumngojea.

Jaribu nyumbani. Mara ya kwanza fuata gumba peke yake mpaka mwisho, mara ya pili fuata shahada. Mara ya tatu utasikia kama wanaopiga ni wawili. Mtaalamu David Rycroft alikaa chini akaandika zile gita zake sauti kwa sauti, jarida African Music likazitoa mwaka 1961 na 1962. Kazi kama hiyo haifanywi kwa mtu mwenye kurudilia tu.

Mwisho wa miaka ya 1950 alikaa Nairobi, redio ikamfanya mwalimu wa wapiga gita wa Kenya. Mwaka 1969 alipiga Newport, Marekani. Lakini kwetu masikio yalikuwa yamegeukia orkestra za Kinshasa na gita zao za umeme, na gita kavu ikaonekana kitu cha wazee. Mimi naona tulipoteza hapo. Bosco alifanya kazi ya mshahara Lubumbashi, hata Gécamines, juu muziki peke yake haukujaza sufuria.

Mwaka 1988 alirekodi tena huko Cape Town, vidole bado vyepesi. Miaka miwili nyuma yake, mwaka 1990, ajali ya gari ikamuua. Alikuwa na miaka karibu 60.