Arthur Young, Kamishna Aliyekataa Kufumba Macho

Tukitaja polisi wa zama za mkoloni, kinachotujia akilini ni rungu, kipande na msako wa usiku. Si bure, wazee wetu waliyaona. Lakini kati ya Waingereza walioongoza polisi wa Kenya yumo mmoja ambaye hakutimiza hata mwaka. Aliondoka kwa sababu alitaka wauaji washtakiwe, hata wakiwa ni watu wa serikali. Jina lake Arthur Young.

Alizaliwa mwaka 1907 Eastleigh, ile ya kusini mwa Uingereza, si ya Nairobi. Aliingia polisi wa mji wa Portsmouth akiwa kijana wa miaka 17, akaanzia kazi ya ukarani. Alipofika miaka 31 alikuwa mkuu wa polisi wa mji mdogo wa Leamington. Wakati wa Vita vya Pili alipelekwa Italia kusimamia usalama wa raia, na mwaka 1950 akawa Kamishna wa City of London, kile kitovu cha mabenki.

Serikali yake ilimtuma kila palipowaka moto. Mwaka 1952 alikwenda Malaya, kulikokuwa na vita vya msituni na wakomunisti. Huko alisisitiza kwamba polisi si jeshi; akawafunza askari kumtumikia raia ili raia awaamini.

Mwaka 1954 ikawa zamu ya Kenya. Hali ya hatari ilikuwa imetangazwa tangu Oktoba 1952, na watu walikuwa wakizuiliwa kwa maelfu. Sisi wa Pwani tuliyaona kwa jirani: Manyani, na kambi ya kisiwa cha Manda, ng'ambo tu ya Lamu.

Young alikuta polisi wakiwa chini ya kivuli cha maafisa wa utawala. Alikuta pia homgadi, wale mgambo wa upande wa serikali, wakipiga, wakipora na kuua bila kuulizwa. Wapelelezi wake walipofungua majalada, utawala uliingia kati kuwakinga machifu na watu wao. Alimpelekea malalamiko Gavana Evelyn Baring zaidi ya mara moja, asipate msaada. Alichodai ni kimoja: polisi wachunguze uhalifu bila kuamriwa na watawala.

Desemba 1954 alijiuzulu. Barua yake ilieleza sababu, lakini serikali haikuitoa. Umma ulipewa taarifa fupi iliyolainishwa. Huko London, mbunge Barbara Castle alilishikia bango suala hilo. Januari 1955 Baring akatangaza msamaha, na homgadi waliotenda makosa wakaepushwa na mashtaka.

Young alirudi kwenye kazi yake London. Mwaka 1969 aliitwa tena, mara hii Ireland ya Kaskazini, ambako polisi walikuwa wamepoteza imani ya Wakatoliki. Aliwaondolea askari silaha katika kazi za kila siku, na kikosi cha akiba kilichoogopwa, B-Specials, kikavunjwa. Alistaafu mwaka 1971 na kufariki 1979.

Tusimpambe kupita kiasi. Hakuwa mpigania uhuru wetu. Alikuwa mtumishi wa dola iliyotutawala. Na kuondoka kwake hakukukomesha mateso. Ilibidi wazee wasubiri hadi 2013, Uingereza ilipoeleza masikitiko yake na kukubali kuwalipa zaidi ya waathiriwa 5,000.

Hata hivyo, dai lake liko leo ndani ya Katiba yetu ya 2010. Ibara ya 245 inasema hakuna mtu wa kumwelekeza Inspekta Jenerali kuhusu uchunguzi wa kosa fulani. Maneno ni mazuri. Ila Young naye alikuwa na sheria mkononi. Alichokosa ni wakubwa walio tayari kuiacha ifanye kazi. Mama wa Pwani anayezunguka vituo vya polisi akimtafuta mwanawe haulizi Katiba imeandikwaje. Anauliza nani atafungua jalada, na nani atakataa likifungwa.